Kisanduku Cheupe

Mimi mtu akinifundisha kazi bure huku anatabasamu, naanza kumchunguza. Shemeji alinifundisha bure, na alitabasamu mno.

Duka tulilianzisha mimi na dada yangu, watoto wa tumbo moja. Mlangoni tuliandika "Dada na Mdogo Wake". Kazi yangu ilikuwa kurasa za tovuti, kwa programu yangu nyepesi: unavuta kisanduku, unaweka picha, unaandika maneno, kwisha kazi. Ukikosea unalifunika kosa kwa kisanduku cheupe na maisha yanaendelea. Dada mwenyewe nilimfundisha mimi, hivyo hivyo, kwenye kiti changu. Halafu akaolewa. Mume akaja na mashine ya kukata stika na programu yake ya kuchora, na wateja wangu wa tovuti wakaanza kupungua. Dada akaniambia wazi: jifunze kuchora, la sivyo mwisho wa mwezi umpishe mtu kwenye hicho kiti.

Nimpishe nani? Sikuhitaji kuuliza. Tulikuwa watatu tu dukani.

Na hiyo programu yenyewe ni balaa. Ina kalamu isiyoandika. Unabonyeza, inaweka nukta. Unabonyeza pengine, inaweka nyingine na kuziunga kwa mstari. Ukivuta kidogo tu mstari unapinda na kuota masharubu mawili, na ole wako uyaguse. Siku ya kwanza nilichora jani, likatoka sikio. Shemeji akacheka, akasema ni sikio zuri, tulitunze. Nilinuna mpaka jioni.

Kila alichonieleza nilikitilia shaka. Mbona ananikataza njia zangu zote nilizozizoea? Siku moja nilifunika herufi iliyoniharibikia kwa kisanduku cheupe, akanisimamisha.

"Shemeji, huku usifunike, futa. Mashine haijui nyeupe wala nyekundu, inafuata mistari tu."

Nikaitikia kwa mdomo. Moyoni nikasema huyu ananichelewesha makusudi, mwezi uishe bado nahangaika na majani. Tena alikuwa na jambo analificha, hilo sikuliota. Nikipita nyuma yake anafunga haraka alichokuwa anachora, kisha ananiuliza kama nimekunywa chai. Toka lini akajali chai yangu?

Ikafika asubuhi ya kubandika jina jipya la duka kwenye kioo cha mlango. Shemeji alikuwa ametoka kumpelekea mteja mzigo. Dada akaniambia mchoro ni wa mumewe, ila yeye dada ameshauweka sawa, kwa hiyo nikate tu. Akachukua kitambaa na ndoo, akaenda kuosha kioo. Nikaufungua mchoro. Juu, DADA. Chini, NA SHEMEJI. Katikati pengo jeupe, halina kitu.

Damu ilinichemka. Kumbe ndicho alichokuwa anakificha! Na hilo jina la Shemeji wateja walilipata kwangu, maana mimi ndiye niliyeanza kumwita hivyo humu dukani. Jina nimpe mimi, kiti anichukulie yeye. Nikabonyeza kukata. Kama ni kufukuzwa, basi nijifukuze kwa mkono wangu.

Kisu kikakata DADA. Kikashuka mpaka kwenye pengo, nikangoja kiliruke. Hakikuliruka. Kikakaa palepale kinakata, kinazunguka, kinarudi, nami nikajua nimeshaharibu karatasi nzima. Kilipomaliza nikaanza kubandua masalio taratibu. Ndani ya pengo palikuwa na mstari wa pembe nne, na ndani ya mstari huo neno: MDOGO. Herufi nene, zimepinda vizuri, na juu ya O ya mwisho limekaa jani. Jani langu, lile sikio, na kasoro zake zote.

Nikakaa chini. Shemeji asingefunika, angefuta. Mimi mchoro huo sikuwahi kuugusa. Na kufunika kwa kisanduku cheupe nimemfundisha mtu mmoja tu maishani mwangu.

Shemeji akarudi, akainama juu ya stika. Alipouona ule mstari wa pembe nne akaufuata kwa kidole. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba alitaka nilione jina langu likiwa tayari mlangoni. Akageuka kumtazama mkewe kule kwenye kioo, na uso ukamshuka. Niliona aibu mimi, niliyemsengenya mwezi mzima na nafsi yangu.

Dada akaingia na kitambaa kinachochuruzika maji.

"Imetoka?" akauliza.

"Imetoka, dada," nikamwambia. "Imetoka yote."