Mlango wa Chumba cha Kinanda

Mama Pacha alianza kumchukia yule mtangazaji siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, akiwa amepiga magoti na pini tatu mdomoni, akipunguza urefu wa gauni la mteja. Kabla ya hapo alikuwa anampenda. Nusu ya mji ilimpenda. Alikuwa mwanamke mwenye kipindi cha redio cha kila asubuhi, na sauti yake ilikuwa laini kiasi kwamba wasikilizaji walimbatiza Kinanda. Mama Pacha, aliyekuwa fundi cherehani kwa miaka kumi na miwili, alishona akimsikiliza, na akicheka peke yake kwa vichekesho vyake.

Asubuhi hiyo mteja akasema, bila kujua anatia kidole kwenye donda, "Mumeo nilimwona jana kwa Kinanda. Kumbe wanafahamiana?"

Mama Pacha alizitoa pini mdomoni moja moja.

"Kwa Kinanda wapi?"

"Nyumbani kwake. Ile nyumba ya geti la bluu. Mimi ni jirani yake. Si mara ya kwanza, tena."

Mume wa Mama Pacha alikuwa fundi wa viyoyozi, na mtaa mzima ulimwita Baridi, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu hakuwa mtu wa hasira wala maneno mengi. Jana yake alikuwa ameaga kwamba anakwenda kusafisha mashine za ofisi ya bima. Alikuwa amepiga pasi shati. Mama Pacha alikumbuka lile shati, akalikumbuka kwa mikunjo yake yote, maana ni yeye aliyelishona.

Wivu haumwambii mtu "sema". Humwambia "tazama kwanza". Naye akatazama.

Jumanne mchana alimkuta mumewe uani, ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, spika za masikioni zimezama masikioni, macho ameyafumba. Kichwa amekiinamisha upande mmoja. Alikuwa anasikiliza kitu kwenye simu, kikiisha anakirudia, kikiisha anakirudia. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyeingia maji ya vuguvugu. Mama Pacha alisimama nyuma yake na beseni la nguo mpaka mikono ikamuuma. Kisha akaliweka beseni chini, akachomoa spika ya kushoto, akaitia sikioni mwake.

Ilikuwa sauti ya Kinanda. Lakini haikuwa ile ya redioni. Ilikuwa ya kunong'ona, karibu na sikio kabisa: "Fundi... sikiliza... hapo. Umeisikia? Subiri, inakuja tena..."

Baridi alishtuka, simu nusura imponyoke.

"Ni kazi hiyo, mke wangu."

"Kazi inanong'ona?"

"Ananong'ona ili asiifunike kelele. Kiyoyozi chake kina kelele. Amenirekodia."

"Na ofisi ya bima je? Nayo inanong'ona?"

Baridi aliinamisha macho. Hapo ndipo alipojiharibia, kwa sababu mtu anayenyamaza mbele ya mwenye wivu ni kama ameweka saini. Aliinuka, akasema ana dharura, akatoka na mkoba wake wa vifaa. Mama Pacha akabaki na beseni la nguo.

Usiku wake hauna la kusimuliwa zaidi ya kwamba hakulala vizuri. Asubuhi aliwasha redio, akaisikia ile sauti ikiwatakia watu siku njema, akaizima. Akajitazama kwenye kioo kirefu cha wateja. Aliona mwanamke mwenye nyuzi kwenye nywele, futi ya kupimia shingoni, na sauti ambayo, akiita watoto wake mapacha, kuku wa jirani nao hukimbia. Ni nani angemrekodi? Tena kilichomchoma zaidi ni kile kichwa kilichoinamishwa. Yeye alipomsimulia mumewe habari za siku, Baridi aliitikia "mh" huku akikaza skrubu za kitu fulani. Hakuwahi kumfumbia macho ili amsikie.

Saa nane mchana Baridi alikuja kuchukua ngazi.

"Unakwenda kwa nani?" akauliza Mama Pacha.

Baridi aliinua ngazi. "Kwa Kinanda. Kile kiyoyozi."

"Twende wote."

"Kufanya nini?"

"Kukushikia ngazi. Au ina mtu wake wa kuishika?"

Walitembea, ngazi katikati yao, yeye ameshika nyuma. Geti la bluu lilifunguliwa na mwanamke mfupi, mnene kidogo, amevaa kanga kiunoni na fulana iliyopauka, miwani imemteleza mpaka ncha ya pua. Mama Pacha alikuwa amejiandaa kwa mrembo. Kumkuta mtu wa kawaida hakukumpunguzia kitu, kulimuongezea. Mrembo ungemlaumu kwa urembo wake. Huyu ungemlaumu kwa nini?

"Karibuni. Fundi, leo umekuja na msaidizi?"

"Mke wake," Mama Pacha alisema kabla mumewe hajafungua mdomo.

"Oh! Shikamoo dada. Ndiye wewe unayeshona? Fundi ananiambia hakuna shati ananunua dukani."

Mama Pacha aliitikia marahaba ya midomo tu. Hakujua aiweke wapi sifa hiyo, kwa hiyo aliiacha ipite.

Chumba cha kazi kilikuwa mwisho wa korido. Kuta zake zilibandikwa sponji nene, dirisha limefungwa na kuzibwa pembeni, chini ya mlango umegongomewa ukanda wa mpira ili sauti za nje zisiingie. Mezani kulikuwa na maikrofoni na karatasi. Pembeni, kimlango cha bafu dogo, na humo feni ya kutolea hewa ikivuma taratibu. Kinanda alieleza kwamba huwa haizimi, la sivyo sponji zinaota ukungu. Juu ya ukuta, kiyoyozi.

Ila kilichomvutia Mama Pacha ni kiti. Kilikuwa koridoni, nje ya mlango, na juu yake kitabu kimefunikwa kifudifudi.

"Nani anakaa hapa?" aliuliza.

"Mimi," Kinanda alisema. "Fundi akiwa ndani anafanya kazi, mimi nakaa hapo nasoma. Mlango tunauacha wazi."

Mama Pacha alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatazama kiyoyozi.

Baridi alieleza shida, na alieleza kwa tabu, kama mtu anayekiri deni la zamani. Kiyoyozi hiki kilikuwa na sauti: glo, glo, glo, halafu *po!* kama kizibo kinachochomolewa chupani. Kinanda alirekodi vipindi vyake humu, na sauti hiyo ilimharibia. Lakini kila Baridi alipokuja, kiyoyozi kilinyamaza. Mara ya kwanza alisafisha feni ya ndani iliyokuwa imejaa vumbi, akaondoka. Kelele ikarudi. Mara ya pili alikaza skrubu zote na kubadilisha raba za mashine ya nje, akidhani ni mtetemo. Ikarudi. Mara ya tatu alipima gesi, ilikuwa sawasawa. Mara ya nne alizibua bomba la kutolea maji. Lilikuwa safi kama limeoshwa leo. Hii ilikuwa ya tano.

"Mara tano," alisema Baridi kwa sauti ya chini. "Fundi wa miaka ishirini."

"Akija mtu, inanyamaza," alisema Kinanda. "Kama mtoto mtundu mgeni akiingia."

Baridi alipanda ngazi, akafungua kifuniko, akaweka sikio. Feni ilizunguka vizuri. Mama Pacha alishika ngazi kama alivyoahidi, lakini macho yake hayakuwa kwa kiyoyozi. Yalikuwa kwa Kinanda aliyesimama mlangoni. Kinanda aliuliza kama ameona kitu. Baridi alijibu "bado". Neno moja tu, ila Mama Pacha alilipima kama kitambaa cha bei ghali, akaona lina upole usio wa lazima.

"Ingia basi, mbona unasimama huko?" alimwambia Kinanda, na haikuwa ukarimu. Alitaka kuwaona wote wawili sehemu moja.

"Kweli, leo tuko wengi," Kinanda alisema, akaingia. "Wacha nifunge basi, baridi yote inaishia koridoni." Akauvuta mlango. Ukanda wa mpira ukakwaruza sakafu, ukakaza.

Walikaa kimya. Pumzi nne, pumzi tano.

*Glo. Glo, glo, glo. Po!*

Baridi nusura aanguke. "Hiyo!"

"Hiyo hiyo!" Kinanda alipiga makofi.

*Glo, glo, po!*

Baridi alizima feni ya kiyoyozi, akawasha, akabonyeza hapa, akagonga pale. Sauti iliendelea bila kujali. Mama Pacha naye hakuwa anasikiliza kiyoyozi. Alikuwa anahesabu jinsi nyuso zile mbili zilivyong'aa kwa pamoja. Hasira ikampanda. Akaona hewa haimtoshi, akafungua mlango kwa nguvu ili atoke.

Sauti ikakatika.

Akasimama. Alikuwa amekaa na cherehani miaka kumi na miwili, na cherehani ikibadili mlio katikati ya mshono, mkono wake husimama wenyewe. Aliufunga mlango tena. Pumzi nne. *Glo, glo.* Akaufungua. Kimya. Akaufunga.

*Po!*

"Ni mlango," alisema.

"Mlango haugugumii," alisema Baridi.

"Sijasema unagugumia. Nimesema ukifungwa inalia, ukifunguliwa inanyamaza. Wewe umekuja mara ngapi?"

"Tano."

"Uliufunga mara ngapi?"

Baridi alishuka ngazi, hatua moja moja. "Sijawahi. Huyu anaishi peke yake. Nitajifungia na mteja ndani, watu waseme nini? Na wewe useme nini?"

Kinanda aliipandisha miwani, akaitazama sakafu. Mama Pacha alihisi masikio yanawaka. Mara nne mwanamume huyu alikuwa ameshindwa kazi, akaona aibu mpaka akamdanganya mkewe kuhusu ofisi ya bima, na sababu yote ilikuwa mlango alioacha wazi kwa ajili ya heshima ya mke huyo huyo.

Baridi sasa alikuwa ameshika njia. Alitazama ukanda wa mpira, dirisha lililozibwa, kisha kimlango cha bafu. Alikwenda akazima ile feni ya kutolea hewa. Glo-glo ikafa huku mlango umefungwa. Akaiwasha, ikafufuka.

"Feni inavuta hewa kutoka humu," alisema, na sasa alimweleza mkewe, si mteja. "Mlango ukiwa wazi inapata ya koridoni. Ukifunga, pote pamezibwa. Itavuta wapi? Tundu limebaki moja: bomba la kutolea maji la kiyoyozi. Hewa inapanda bomba, maji yanashuka, vinakutana katikati vinagombana."

Alitoka nje na kitambaa chenye maji, akaziba mdomo wa bomba pale linapomwaga ukutani. Ndani, wanawake wawili walisubiri. Kimya. Alipokiondoa, po! Alipokirudisha, kimya.

Siku iliyofuata alirudi kuweka kivali kidogo mwishoni mwa bomba, kile kinachoruhusu maji kutoka na kuzuia hewa kuingia, na akatoboa tundu la hewa juu ya mlango wa koridoni, lenye sponji ndani yake, ili ile feni ipate pa kuvuta. Kelele haikurudi tena. Lakini hayo ni ya kesho yake. Siku ile, kabla hawajaondoka, Kinanda alimshika Mama Pacha mkono getini.

"Dada, nikuambie kitu? Mimi ningekuja nyumbani mwa mtu na uso ulioingia nao leo, ningefukuzwa."

"Ulionekana?"

"Mpaka kwenye kisigino."

Mama Pacha alicheka bila kutaka. Hakumpenda papo hapo. Ilimchukua wiki kadhaa, na hata baadaye alimpenda zaidi akiwa redioni kuliko akiwa getini.

Njiani ngazi ilikuwa tena katikati yao. Walipopita maduka mawili, Mama Pacha alisema, "Nilikuja kukuchunga."

"Najua."

"Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Ulichomoa ile spika kama unang'oa jino."

"Ungeniambia kazi imekushinda."

"Ningekuambiaje? Wewe hakuna nguo imewahi kukushinda."

Mama Pacha alizifikiria zile nguo alizozificha chini ya meza, zilizokatwa vibaya, lakini hakuona kama huo ndio wakati wake. Aliomba radhi. Aliiomba vizuri, kwa maneno kamili, bila "lakini" ndani yake, jambo ambalo halikuwa mazoea yake.

Kisha Baridi akasimama, ngazi ikasimama naye.

"Yule mwalimu mkuu wa suti ya kijivu," alisema.

"Ana nini?"

"Mwaka juzi. Alikuja kupimwa mara tatu. Suti moja, vipimo mara tatu."

"Alikuwa ananenepa, maskini!"

"Mara ya tatu nilikuaga nakwenda kazini. Sikwenda. Nilikaa kwenye duka la vioo lililo mkabala nawe, nikajifanya nachagua kioo."

Mama Pacha aligeuka akamtazama vizuri. Mwanamume mtulivu, asiye na hasira wala maneno.

"Muda gani?"

"Mpaka alipotoka. Mwenye duka akachoka, akaniuliza kama nataka kioo au nataka kazi."

"Na ukasemaje?"

"Nikanunua kioo."

Mama Pacha alitaka kukasirika, na haki alikuwa nayo, lakini kicheko kilimtangulia, kikamkamata tumbo, akalazimika kuweka ngazi chini katikati ya njia huku watu wakiwapita pembeni na kuwatazama. Baridi naye alianza, taratibu, kwa mabega kwanza.

"Sasa kile kioo kiko wapi?" aliuliza alipopata pumzi.

"Nilimpa dada yangu," alisema Baridi. "Ningekuambia nimekipata wapi?"