Kitufe Chini ya Taa ya Nne

Mwaka 2003 mnunuzi alikuja hapa Ihanja na mzani ulioelekezwa namba zake ukutani. Baba alipima magunia manane ya alizeti, akatajiwa namba kwa mdomo, akaitikia. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya punda. Ule ukuta sijausahau.

Kwa hiyo mwaka huu kioo cha namba cha mzani wa kikundi chetu cha wakulima kilipokufa, wiki moja kabla ya mnunuzi kufika, nilikataa katakata tupimiwe kwa mzani wake. Nilikuwa na taa nne nilizong'oa kwenye kipimo kibovu cha karakana: vichupa vya kioo, kila kimoja na tarakimu kumi za waya ndani yake. Ukikipa umeme mkali, tarakimu moja inawaka rangi ya kaa la moto. Ufundi nilijifunza mwenyewe kwenye redio mbovu. Zile taa zilinipiga shoti mara mbili, tukaheshimiana.

Nikazifunga kwenye boksi la kuunganishwa na mzani. Taa tatu nilizipa uzito. Ya nne nikaipa makato, yaani kilo zinazotolewa kwa ajili ya gunia tupu. Pembeni nikaweka vitufe viwili vidogo: ukigusa kidogo kinafanya hili, ukishikilia kinafanya lile, ukibonyeza vyote pamoja unaingia kwenye makato. Nikajiona bingwa.

Nikampelekea mwenyekiti wetu, mama Selina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiyo hii?" Akabonyeza kwa kidole kilichokomazwa na jembe. Vitufe vyote viwili vikazama. Namba zikaruka. "Hapo nimefanya nini?"

"Umeingia kwenye makato. Sasa shikilia cha kushoto..."

"Nani mwingine anajua kutoka humo?"

"Mimi."

"Basi umetujengea ukuta mwingine, Sostenes. Huu wako unawaka tu."

Nilibeba boksi langu nikaondoka bila kuaga, mimi ninayehubiri heshima kila mkutano. Nilifika nyumbani bado nimefura, lakini nikashika bisibisi.

Nikang'oa vitufe vyote. Chini ya taa ya nne nikafunga kimoja, kikubwa kama kizibo cha soda, kutoka kwenye mashine chakavu ya kukamua mafuta. Ukibonyeza, makato yanapanda kilo moja. Yakipita tisa yanarudi sifuri. Na kinalia ta! mpaka mtu wa mwisho kwenye foleni anasikia.

"Niongeze cha kushusha?" nilimuuliza mama Selina.

"Cha nini? Anayetaka kurudi azunguke, tumsikie."

Siku ya kupima, Fredrick, mnunuzi kutoka mjini, alilitazama boksi akacheka. "Hizi si taa za baa hizi?"

"Karibu kaunta, bosi," mtu akamjibu kutoka nyuma.

Magunia matano yalipita. La sita lilikuwa la mzee Ezekieli, kilo sitini na nane. Fredrick akainama kama anayelinyoosha gunia.

Ta! Ta!

Foleni ikainua vichwa. Taa ya nne ikawaka mbili, na sitini na nane ikawa sitini na sita.

"Jamani, gunia nalo lina uzito wake," alisema.

Mama Selina akamtupia gunia tupu la plastiki. "Shika. Kilo mbili ziko wapi?"

Alilishika kwa vidole viwili. Watu wakacheka.

"Haya, fundi, rudisha," Fredrick akaniambia.

Sikusogea. "Kitufe hicho hapo. Kidole kilichopandisha ndicho kitakachorudisha."

Akabonyeza.

"Tatu!" foleni nzima ikaitika. "Nne! Tano!" Kila mlio gunia la mzee lilizidi kupungua, na jasho la Fredrick likazidi. "Nane! Tisa!" Hamsini na tisa. Akasita.

"Malizia, baba," mama Selina akasema.

Ta!

"Sifuri!"

Fredrick akafungua mdomo ataje uzito, kama wanunuzi walivyozoea. Mzee Ezekieli akamwahi, amekaza macho kwenye zile taa.

"Sitini na nane," alisoma mwenyewe. "Andika."