Mwili Ndani ya Faili

Mkaguzi wa mifumo alipofika kwenye kliniki ya magonjwa ya ngozi, shemeji yake, mume wa dada yake, alimpokea kwa kicheko. Ndiye aliyetengeneza mfumo wa kuhifadhi picha za wagonjwa.

"Shem, wewe tia sahihi tu. Picha zote zimesimbwa, hazisomeki bila ufunguo."

Mkaguzi alichukua faili moja iliyosimbwa, akaifungua kama picha, bila ufunguo. Alitarajia chengachenga tupu. Kwenye kioo cha kompyuta likatokea umbo la mwanamke, uchi hadi kiunoni, mkono mmoja umeziba titi. Rangi zilivurugika, lakini mwili ulibaki mwili.

Alimgeuzia shemeji kioo.

"Umesimba kila kipande peke yake," alisema. "Vipande vinavyofanana vikiingia, vinatoka vinafanana. Ungefungamanisha kila kipande na kilichotangulia, nisingeona kitu."

"Hii ndiyo rahisi. Kwani nani ataangalia?"

"Mimi nimeangalia. Haya, na cheti cha seva, kile cha kuthibitisha kuwa ni yenu kweli, umekipataje?"

Shemeji alijibu bila haya. Kila seva ilipaswa kujitengenezea ufunguo wake wa siri, usitoke humo kamwe. Ufunguo pacha wake, ule wa wazi, ndio pekee upelekwe kuombewa cheti. Yeye alitengeneza ufunguo mmoja nyumbani, kwenye kompyuta ya watoto ya kuchezea gemu, akautuma kwa barua pepe kwenye seva za matawi yote kumi na moja ya kliniki.

"Yaani mswaki mmoja, vinywa kumi na moja?" Mkaguzi alisogeza kiti nyuma, kana kwamba meza inanuka.

"Usinidhalilishe kazini, shem. Sisi ni ndugu."

"Na huyu hapa hana ndugu?" Mkaguzi alinyooshea kidole picha ya mwanamke.

Alimwita daktari mkuu. Daktari alitazama mara moja, akageuza uso, akaamuru mfumo uzimwe na cheti kifutwe. Kufikia saa tisa alasiri, shemeji alikuwa amerudishwa nyumbani.

Jioni dada mtu alipiga simu. "Umetumwagia unga, mdogo wangu. Kisa picha?"

Mkaguzi alimweleza alichokiona, hadi ule mkono ulioziba titi.

"Na mimi nilipigwa picha pale," dada alisema. "Ule upele wa kifuani. Imo?"

"Zimo zote, dada."

Simu haikukatwa. Ilisikika ikiwekwa mezani, kisha dada akapaza sauti: "Baba watoto! Hebu njoo hapa."