Kibanio cha Nne

Kazi yangu pale chekechea ilikuwa maji. Asubuhi nilijaza beseni kubwa la watoto kuchezea, jioni nililimwaga, nikapiga deki, nikaosha vikombe na vijiko walivyotumia kutwa nzima kuchotea maharage kutoka ndoo hii kwenda ile. Watoto waliniita Dada Ndoo. Sikuchukia. Ndoo ilikuwa mkononi mwangu muda wote, na mtoto huita kitu anachokiona.

Chumba chenyewe kilikuwa juu ya duka la magodoro. Ukimaliza ngazi unakutana kwanza na kapu lililoning'inizwa mlangoni. Humo kila mzazi aliacha simu yake kabla ya kuingia, na katika hilo Mwalimu wetu hakumwonea mtu haya. Siku moja kapu liliita, baba mmoja akaruka kama aliyekanyaga moto, na binti yake wa miaka mitatu akamwambia, "Baba, tulia. Atapiga tena."

Ndani hapakuwa na televisheni wala kitu chochote cha kutazama tu. Palikuwa na ubao uliopigiliwa makomeo, vitasa na minyororo, watoto wakifungua na kufunga mpaka vidole vizoee. Palikuwa na udongo wa kufinyangia. Palikuwa na rafu ndefu ya vipande vya mbao ambavyo seremala wa mtaa wa nyuma alitupatia bure, akiwa ameshavipiga msasa ili visiwachome.

Kwenye mbao tulikuwa na sheria moja. Alichojenga mtoto hakibomolewi na mtu mwingine. Kama hajakimaliza kinakaa hapohapo mpaka arudi, hata kama ni wiki nzima, na sisi wengine tunazunguka. Mwalimu alisema mtoto akijua kazi yake inamngoja, anaenda kuifikiria nyumbani, na huko kufikiria ndiyo masomo yenyewe.

Fundi alikuwa binti wa miaka minne na nusu. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa sababu tangu aanze kuja hakuwahi kucheza kitu kingine zaidi ya kujenga. Alhamisi moja alijenga nyumba ya vyumba viwili, kuta zimebanana, mlango wa kupita mkono wake mdogo tu. Pembeni alikuwa amepanga vibanio vinne vya nguo, vile vya mti. Hao walikuwa watu wa nyumba hiyo. Rafiki yake tuliyemwita Babu, kwa sababu alitembea mikono mgongoni kama mzee aliyestaafu, alikuja kukagua.

"Choo kiko wapi?"

"Bado."

"Sasa wanajisaidia wapi?"

"Wanabana," Fundi akasema. "Choo kesho."

Nilicheka peke yangu kwenye beseni. Kisha nikaenda kuwanawisha udongo watoto wengine, na niliporudi paa lilikuwa limeshafungwa na vibanio havionekani tena. Saa ya kuondoka alininyooshea kidole. "Dada Ndoo, usiguse."

Ijumaa hakuja. Jioni, Mwalimu akiwa ameshashuka, nilipiga deki kwa haraka, tambara likanasa kona ya ukuta na nyumba yote ikaanguka. Nikakaa chini kwenye majimaji nikaanza kuijenga upya jinsi nilivyoikumbuka. Vibanio vitatu nilivisimamisha ndani kabla ya kufunga paa. Cha nne nilikiona baadaye, chini ya rafu, hatua mbili kutoka pale. Mkono wangu haukupita mlangoni, na kila nilipojaribu kuinua paa kuta zilitikisika. Nikakiweka nje, kando ya ukuta. Nikajisemea, Jumatatu mwenye nyumba atanigombeza, atakiingiza mwenyewe, yataisha.

Jumapili alifariki. Homa iliyomwanza Alhamisi usiku haikushuka tena.

Mwalimu aliniambia Jumatatu asubuhi, kabla watoto hawajafika. Alilia akiwa amesimama, funguo bado mkononi. Kisha akajifuta uso akasema, "Nyumba yake isiguswe na mtu. Mama yake akipata nguvu nitamwita aje aone kazi ya mwisho ya mikono ya mwanawe."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yalikuwa mafupi, iliniangukia, basi. Nikachukua ndoo nikaenda kujaza beseni.

Babu alipofika aliizunguka nyumba mara mbili, mikono mgongoni. "Hii si ya Fundi," akasema.

"Ni yake, mwanangu," Mwalimu akamjibu.

"Ya Fundi ilisimama vizuri. Hii imelewa."

Wenzake wakacheka, wakaanza kuyumba chumba kizima kama nyumba iliyolewa. Mwalimu akageukia dirishani. Mimi niliendelea kukamua tambara ambalo halikuwa na maji.

Kila siku iliyopita iliyafanya maneno yale kuwa mazito zaidi. Mwalimu aliizungushia nyumba uzi mwekundu. Wazazi waliokuja kuchukua watoto walisimama pale, na wengine waliwashika watoto wao vichwa bila kujua kama wamewashika. Nilipiga deki mbali na uzi ule. Vumbi lilianza kukaa juu ya paa na sikuthubutu kulifuta.

Mama Fundi alikuja Jumanne ya wiki ya pili, watoto wakiwa wameshaondoka. Alikuwa mshonaji, mwembamba, na mtoto mchanga mgongoni. Simu yake aliitia kapuni bila kuambiwa.

"Pole sana, mama," Mwalimu alisema.

"Nimeshapoa."

Akawekewa kiti, hakukitaka. Alikaa sakafuni mbele ya nyumba, akaitazama muda mrefu, na polepole uso wake ukaanza kufunguka. "Ona alivyobananisha vyumba," akasema. "Ndivyo tunavyoishi." Akainama mpaka shavu likakaribia sakafu, akachungulia mlangoni. "Wako watatu. Huyu baba yake. Huyu mimi. Huyu mdogo wake." Alikuwa anatabasamu. Kisha akajiinua, na macho yake yakakiona kile cha nje.

Hakukigusa.

"Yeye amejiweka nje," akasema.

"Mama, watoto huweka vitu popote tu..."

"Hapana, Mwalimu. Huyu alipozaliwa," akapeleka mkono nyuma akamgusa mtoto, "nilimtoa Fundi chumbani kwetu. Nikamlaza sebuleni na shangazi yake. Alilia siku tatu. Mama, mbona natoka mimi? Nikamwambia utazoea. Siku ya nne hakulia, nikamwambia baba yake, umeona, ameshazoea." Akaikaza kanga ya mgongoni. "Kumbe hakuzoea. Kumbe alikuwa anakuja kuyasemea hapa."

"Dada, si yeye."

Mwalimu alinigeukia. Nadhani hakuwahi kunisikia nikikatiza maneno ya mtu.

"Hicho nilikiweka mimi," nikasema. "Nyumba nzima niliijenga mimi. Ya kwake iliniangukia Ijumaa, nikipiga deki. Nilijua atarudi."

Nilidhani walau ule mzigo wa kibanio utamtoka. Lakini aliitazama nyumba kama mtu aliyefungua mlango akakuta si kwake.

"Hata hizi kuta?"

"Hata kuta."

"Hakuna kipande alichokikalisha yeye."

"Vipande ni vilevile alivyoshika. Kuvipanga nimevipanga mimi."

"Siku zote hizi!" Mwalimu akasema. "Umeniacha nizungushe uzi, nimwite mama wa watu na uchungu wake, wewe umenyamaza tu!"

"Mwache," Mama Fundi akasema. Hakuwa amekasirika. Sauti yake ilikuwa imechoka tu. "Cha kwake kilikuwa wapi, kabla haijaanguka?"

Ningeweza kusema ndani. Ndani, katikati, kati yako na baba yake. Nani angenikatalia? Hata macho ya Mwalimu yalianza kuniomba niseme hivyo. Lakini mama huyu alikuwa amekaa pale sakafuni kwa ajili ya uongo ambao hata sikuutamka, na niliogopa kumwongezea mwingine.

"Sikuona, dada. Alipofunga paa nilikuwa nanawisha watoto. Ilipoanguka, vitatu vilibaki papo hapo, kimoja nikakikuta chini ya rafu."

"Kwa hiyo labda alijiweka nje kweli."

"Sijui."

"Na labda alikuwa ndani na sisi."

"Sijui, dada. Nisamehe."

Mtoto aliamka akaanza kulia. Alimfungua mgongoni, akamnyonyesha. Mwalimu alikaa kwenye kile kiti kilichokataliwa, ameficha uso.

"Ulichokiona kwa macho yako ni nini?" Mama Fundi aliniuliza. "Alhamisi. Niambie hicho. Usiongeze."

Mimi si mtu wa maneno. Nilianza vibaya, nikarudi nyuma, nikaanza tena.

"Alikuja kamba ya kiatu imefunguka, nikamfunga. Alikunja mikono ya gauni ili ajenge. Mmoja ulikuwa unashukashuka, akawa anaupandisha kwa meno. Babu alitaka kumsaidia, akakataa. Akaulizwa choo kiko wapi, akasema kesho, kwa sasa wanabana."

Alitoa sauti ambayo sikujua kama ni kicheko.

"Alivisemesha vile vibanio. Alisema, 'Punguzeni sauti, mtoto ndiyo kwanza amelala.'"

"Hayo ni maneno yangu," akasema. "Namwambia hivyo kila siku."

"Alikunywa maji vikombe viwili."

"Viwili?"

"Viwili. Halafu akaniambia nisiguse. Akashuka ngazi akiruka, mkono mmoja ukutani."

"Hakusema kichwa kinamuuma?"

"Hakusema."

"Halafu?"

"Basi, dada."

"Basi?"

"Niliyoyaona ni hayo."

Yalikuwa machache. Yalikwisha kabla mtoto hajamaliza titi la kwanza. Mama Fundi alimhamishia upande wa pili, akaegemeza mgongo kwenye rafu ya mbao, akafumba macho.

"Rudia," akasema. "Anzia kwenye kiatu."

Nikakaa chini karibu yake, nikaanzia kwenye kiatu.