Unatoka Wapi, Mheshimiwa?

Wananchi wote wa kidato cha pili walitangaziwa kwamba Mheshimiwa, mtani wa darasa aliyejipa cheo hicho mwenyewe, angelihutubia taifa kwa Kiingereza. Hotuba yenyewe ilikuwa jibu la swali moja la mwalimu: anatoka wapi?

"I am coming from the toilet," alisema Mheshimiwa, mkono kifuani. Kweli, alikuwa ametoka chooni.

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, kisha akaeleza kwamba Kiswahili kina "natoka" moja, ila Kiingereza kinatenganisha: "I am coming from" ni ulikokuwa sasa hivi, na "I come from" ni kwenu.

"Haya, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Kisiwani, mwalimu."

"Mwongo huyo!" akadakia jirani yake wa dawati. "Wiki jana kwenu kulikuwa milimani, na babu yako ana farasi!"

"Babu amehama na farasi wake."

Wenzake walicheka tena, lakini mwalimu alimngoja. Mheshimiwa alitafuta mzaha mwingine, akaukosa. Kila likizo alishukia kwa shangazi huyu au mjomba yule, kutegemea nani ana godoro la ziada, na kote huko watoto wa nyumba walimwita mgeni.

"Nimewadanganya," alisema hatimaye, macho sakafuni. "Hilo la pili sina jibu lake, mwalimu. Najua la kwanza tu."