Mjomba Aliyeongoza Ligi

Ieleweke tangu mwanzo kwamba sikusema uongo hata neno moja. Nilimtambulisha mjomba wangu mbele ya shule nzima kwa takwimu halali, zilizothibitishwa na ligi yenyewe. Kama siku ile takwimu hizo zilivaa suti, basi tuseme kumvisha mtu suti si dhambi.

Mjomba ni mdogo wake mama. Alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa misimu tisa, goti likagoma, akastaafu na kuhamia kwetu. Chumba alichopewa ni changu. Kila nikirudi likizo namkuta kitandani kwangu, kichwa kimegota ukutani na nyayo ziko dirishani zikisalimiana na wapita njia. Baba, ambaye ni shemeji yake na hivyo ana leseni ya kumtania, alikuwa amemtafutia kazi ya kupakua magunia ghalani. Goti lile halikuweza kubeba hata gazeti. Kwa hiyo shule yetu ya bweni ilipotangaza nafasi ya kocha, pamoja na nyumba ya kuishi, nilimwambia aombe haraka.

"Watataka takwimu zangu," akasema Mjomba.

"Si unazo?"

"Ninazo. Ndilo tatizo lenyewe."

Nikaomba kuziona. Wastani wake wa pointi ulikuwa moja nukta mbili kwa mechi. Ribaundi, yaani mipira ya kudaka ikikosa ringi, hazikufika hata moja. Pasi za kufungisha zilikuwa chache kiasi kwamba naziacha kwa heshima ya ukoo. Uwanjani alikaa dakika nne kwa mechi, na katika dakika hizo alicheza faulo nne. Hapo ndipo alipotukuka: misimu mitatu mfululizo, hakuna mchezaji katika ligi nzima aliyecheza faulo nyingi kuliko yeye.

"Mjomba, uliongoza ligi!"

"Wewe mtoto, usinianze."

"Niachie mimi. Wewe vaa shati lenye vifungo."

Shuleni kwetu kila mgeni hutambulishwa na mwanafunzi mwenye sauti kubwa, na kwa sauti mimi sina mpinzani. Wenzangu wa bweni niliwapa maagizo mafupi: nikiinua mkono, pigeni makofi, msisubiri maana.

Siku ilipofika, Mjomba alikaa jukwaani, magoti yakikaribia masikio. Kulia kwake alikuwa Mwalimu Mkuu, mama wa hesabu asiyecheka bila sababu ya maandishi. Kushoto alikaa mwalimu wa michezo tunayemwita Kipenga, kwa kuwa hata akila kipenga kiko shingoni. Kipenga alikuwa akiitaka nafasi ile.

"Misimu tisa ya kulipwa!" nikanguruma, mkono juu. Makofi. "Bingwa wa ligi mara moja!" Makofi. "Wastani wa pointi," nikanyamaza kidogo, kama kasisi, "moja! Nukta! Mbili!" Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama. Mpishi alilia. "Na misimu mitatu mfululizo, aliongoza ligi nzima!"

Kipenga akainua kidole. "Aliongoza katika nini?"

"Katika takwimu, Mwalimu."

"Takwimu ipi?"

Kabla sijajibu, Mjomba akasimama, na kusimama kwake huchukua muda.

"Faulo, Mwalimu. Nilikuwa mtu wa faulo."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi jikoni. Nilitamani sakafu inimeze, kisha immeze Kipenga. Mwalimu Mkuu pekee hakucheka.

"Faulo nne kwa dakika nne," akasoma polepole kwenye barua ya maombi. "Hiyo ilikuwa kazi, au ulikuwa ugomvi?"

"Kazi, Mama Mkuu. Kila mchezaji ana faulo tano kabla ya kutolewa. Nyota hawezi kuzitumia ovyo, timu inamhitaji. Mimi nilikaa benchi na tano zangu mbichi. Nyota wao akianza kutuchoma, kocha ananiambia, 'Kazitumie.' Fainali tuliyoshinda, mfungaji wao bora alimaliza mchezo akibishana na mimi."

"Na mtu wa benchi atamfundisha nani?" Kipenga akauliza.

"Misimu tisa, Mwalimu, hakuna aliyekaa karibu na kocha kuliko mimi."

Kipenga alivua koti. "Twende uwanjani. Nizuie."

Shule nzima ikamwagika nje. Kipenga alidunda mpira, akaruka kwa madaha, na Mjomba akamkumba kwa bega, taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Kisha akamwinua, akamkung'uta vumbi na kumwuliza watoto hawajambo. Mara ya pili akamkumba tena na kumsifu viatu. Mara ya tatu akamshikia kipenga kisimpige meno wakati anaanguka.

"Huyu mtu ana adabu mbaya!" Kipenga akafoka.

"Pole sana, Mwalimu. Tupa mitupo yako huru."

Kipenga, ambaye hajawahi kukosa mtupo huru mbele yetu, alitupa wa kwanza ukapita juu ya ubao. Wa pili haukufika.

"Ameacha kuitazama ringi," Mjomba akamwambia Mwalimu Mkuu. "Ananitazama mimi. Ndiyo kazi yangu yote hiyo."

Mwalimu Mkuu akafikiri. "Timu yetu inafungwa na mtu mmoja kila mwaka," akasema, "yule mrefu wa shule jirani."

"Nimemwona. Anakasirika upesi."

"Utaanza Jumatatu. Mwalimu wa michezo atakuwa msaidizi wako, na ndiye atakayehesabu faulo zako."

Nikashangilia kuliko wote. Jumatatu nilikwenda uwanjani kutazama matunda ya kazi yangu, nikakuta Mjomba amewapanga wachezaji na kuwapita wote mmoja mmoja bila kumchagua yeyote.

"Hawa wanajua kucheza," akalalamika. "Mimi natafuta mtu asiyejua kabisa, asiye na haya, anayeweza kumtibua mtu mzima na bado akaonekana malaika."

Timu nzima iligeuka kunitazama.

Hadi leo nimecheza mechi sita. Wastani wangu wa pointi ni sifuri kamili. Kipengele ninachoongoza, ukinitambulisha, tafadhali usikitaje.