Nusu Kikombe cha Raakel

Oiva Kemppainen alikuwa na mdomo mzito kiasi kwamba hata mkewe alikuwa akiwaambia watu ameolewa na kabati. Alikuwa dereva mstaafu wa gari la kusukuma theluji, mtu aliyezoea kusafisha barabara za Kuhmo, mji wao mdogo wa baridi kali, wenzake wakiwa bado wamejifunika gubigubi, na kurudi nyumbani bila kuongea na kiumbe yeyote. Kazi ile ilimfaa kweli. Asante, pole, nakupenda, yote hayo aliyasema kwa kuchanja kuni au kuwasha moto wa sauna, kile chumba chao cha kuogea mvuke, na Tyyne mkewe akayaelewa, au alijifanya kuyaelewa.

Tyyne alifariki majani yalipokuwa yakipukutika, kiangazi kimekwisha. Wiki ileile mashine yao ya kahawa nayo ikakohoa, ikatema maji vuguvugu, ikazimika moja kwa moja. Oiva akajiona amefiwa mara mbili. Hakuitupa. Aliviringisha waya wake vizuri, akaiacha palepale jikoni, na asubuhi iliyofuata akakaa mbele yake asijue mikono yake aiweke wapi. Kule kwao nyumba isiyo na kahawa asubuhi ni nyumba ambayo haijaamka. Alikaa hivyo mpaka akaona taa ndogo imewashwa kwenye dirisha la jirani, upande wa pili wa ua, na nyuma ya taa Raakel amesimama anampungia mkono.

Raakel alikuwa mjane, mwalimu wa kushona aliyestaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watoto kutoka ng'ambo ya ziwa. Oiva akaenda. Kesho yake taa ikawaka tena, akaenda tena. Majira yote ya baridi yakapita kwa mtindo huo. Walikaa bega kwa bega wakitazama dirishani, kama watu wa huko wanavyokaa, macho kwa ndege wadogo waliokuja kudonoa kipande cha mafuta ya nyama walichotundikiwa nje, wala si kwa mtu aliye karibu nawe. Raakel alimmiminia Oiva kikombe hadi ukingoni, kisha akajimiminia chake huku akisema, "Mimi nusu tu." Hilo halikumshangaza Oiva. Wanawake wote wenye adabu aliowajua walisema nusu tu. Tyyne mwenyewe alikuwa akisema nusu tu mpaka jagi linakauka.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Oiva akaona kitu kilichompa aibu. Njia nyembamba iliyovuka ua, ile aliyoishindilia kwa buti zake miezi yote, ilikuwa na nyayo za mtu mmoja tu. Zilitoka mlangoni kwake zikaenda kwa Raakel, zikarudi. Raakel hajawahi kuipita hata siku moja, kwa sababu hajawahi kuitwa. Mwanamke amekushika mkono usizame kwenye giza, na wewe hujamwambia hata karibu! Oiva alisimama uani akajisonya mwenyewe. Akaamua palepale kwamba Jumapili Raakel atakunywa kahawa kwake, na kahawa hiyo itakuwa nzuri kiasi kwamba yeye Oiva hatalazimika kusema neno. Maana kusema hawezi. Alishajaribu. Mara ngapi alifika kwa Raakel na neno la asante limemkaa kooni, akaishia kumwambia kwamba leo upepo unatoka kaskazini.

Ilibaki kuchagua mashine, na hapo ndipo alipofanya kosa la kwenda kuuliza kwenye kituo cha mafuta. Wazee wa Kuhmo wana meza yao pale, karibu na rafu ya mafuta ya injini, na kila asubuhi huketi kuirekebisha dunia. Taisto, aliyekuwa fundi umeme, alisema mashine yenye kibamba cha moto chini ya jagi ni ya wauaji. Kahawa ikikaa pale nusu saa inaungua na kuwa chungu kama dawa ya minyoo. Achukue yenye chupa inayohifadhi joto. Mwingine akasema chupa inanuka kahawa ya juzi, haioshwi ikatakata. Wa tatu akasema mashine zote ni takataka, kahawa ni ya kuchemshwa kwenye birika jeusi porini, na aliyekuwa na akili angeishia hapo. Walikuwa bado wanabishana Oiva alipotoka, na hakuna aliyegundua.

Dukani mjini alihudumiwa na dada mmoja mwenye nywele za kijani. Oiva alimtazama zile nywele, akakata shauri kwamba dada huyo hajui lolote. Dada akamuuliza swali moja tu kabla ya kugusa rafu.

"Mko wangapi mnaokunywa, mzee wangu?"

Oiva akababaika. Kwa miaka yote jibu la swali hilo lilikuwa halihitaji kufikiriwa. Alitaka kusema mmoja, ulimi ukagoma.

"Wawili," akasema hatimaye. "Jumapili tutakuwa wawili."

Dada akamshushia mashine ndogo, nzuri, ya vikombe vichache. Oiva akaikataa hata kabla haijatua mezani. Alisema mtu mwenye jagi dogo amewaambia wageni wasije. Dada hakucheka. Alimweleza kwa utaratibu kwamba mashine kubwa ikipikiwa kahawa kidogo, maji hupita mbio kwenye unga, na kinachoshuka ni maji yaliyopakwa rangi. Kama ni lazima iwe kubwa, basi achukue hii hapa, ina swichi ya kupunguza mwendo wa maji ukipika nusu jagi, na inachemsha maji sawasawa, maana maji yakiwa vuguvugu kahawa inakuwa chachu. Kisha akamuuliza kama anataka yenye chupa ya kuhifadhi joto au yenye jagi la kioo. Chupa inafaa kama watu wana maongezi marefu.

"Hatuongei," Oiva akasema.

"Hata kidogo?"

"Upepo ukibadilika, tunataja."

"Basi chukua kioo," yule dada akasema. "Mtaiona kahawa ikishuka. Mtakuwa na kitu cha kutazama."

Oiva akaipenda sababu hiyo kuliko zote alizosikia kwenye kituo cha mafuta. Akalipa, akabeba boksi lake kwenye basi akiwa amelipakata mapajani.

Jumamosi nzima alipika kahawa na kuimwaga. Kijiko cha kupimia kilikuwa kilekile cha Tyyne, cha plastiki nyekundu, lakini hakujua kama Tyyne alikijaza kwa kilima au aliusawazisha unga kwa kidole. Hakuwahi kutazama. Jagi la kwanza lilikuwa jepesi, alisahau swichi. La pili lingeweza kubandua rangi ya ukuta. Akaketi kitini, akafumba macho, akajaribu kuusikia mkono wa Tyyne jikoni: kijiko kinaingia kwenye mkebe, halafu kuna kugonga. Tk, ukingoni mwa mkebe. Alikuwa anagonga ili kilima kianguke! Oiva akainuka, akachota, akagonga. Jagi la tatu alipolionja, aliweka kikombe chini. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Alilia kidogo, wala hakuona haya, kwani hakukuwa na mtu, na zaidi ya huzuni alikuwa na furaha kwamba mkewe alimwachia kitu anachoweza kukifanya.

Jumapili akawasha taa dirishani kwake, akasimama nyuma yake na kupunga mkono. Raakel alichungulia kutoka upande wa pili, akapotea, akatokea tena uani amevaa buti na gauni lake la kanisani, mkononi kabeba mkate mtamu wa iliki uliosukwa kama nywele. Alipoingia aliiangalia mashine mpya, akaiangalia na ya zamani iliyokuwa bado imekaa pembeni, akasema tu kwamba jikoni kunanukia. Oiva akasogeza viti viwili dirishani. Kahawa ikashuka kwenye kioo, nyeusi, ikitoa mvuke, nao wakaitazama kama dada wa dukani alivyosema.

"Mimi nusu tu," Raakel akasema.

Oiva akamimina nusu. Kwa kawaida angegeuka dirishani, lakini siku hiyo ndege walijidonolea bila yeye. Roho ilikuwa juu. Macho yake yalikuwa kwenye kikombe cha Raakel tu. Akamwona anakinyanyua, anakisogeza puani, anafumba macho, kisha anakirudisha kwenye kisahani. Akakata mkate. Akakinyanyua tena, akakirudisha. Kahawa ilikuwa palepale ilipokuwa. Haikupungua hata tone.

Moyo ukamporomoka Oiva. Akaonja yake harakaharaka. Ilikuwa nzuri, ilikuwa ya Tyyne kabisa. Lakini huenda ulimi wake una upendeleo. Akawaza habari za chupa na kioo, akawaza Taisto, akawaza zile nywele za kijani. Akajaribu kuvumilia na hakuweza.

"Raakel. Mashine mbovu, siyo?"

"Mashine haina tatizo."

"Basi mimi ndiye nimeharibu. Sema tu. Hunywi."

Raakel akakitazama kikombe chake. Halafu akashusha pumzi, uso ukamwiva, akawa kama mtoto aliyeshikwa na sukari mkononi.

"Sinywi, ndiyo. Daktari alinikataza tangu kiangazi kilichopita, moyo wangu unarukaruka. Hata tone hapana."

"Kiangazi kilichopita?" Oiva hakuelewa. "Lakini mimi nimeanza kuja kwako Tyyne alipofariki. Umepika kila siku."

"Nimepika."

"Na ile nusu yako?"

"Namwaga ukishaondoka. Mbona wewe hujawahi kuangalia kikombe changu, jirani? Unaangalia ndege."

Oiva akaanza kuhesabu. Ile kahawa yote. Taa yote ile, asubuhi zote za giza, mwanamke mgonjwa wa moyo anaamka na kupika kitu asichokinywa, anajiwekea nusu kikombe ili mgeni asijione anakunywa peke yake. Na yeye, bwana mkubwa, amemlipa kwa habari za upepo. Akaitazama mashine yake, ile aliyoihangaikia kufa na kupona ili imsemee, akaona haiwezi kumsaidia tena. Hapakuwa na kahawa duniani ya kumshukuru mtu asiyekunywa kahawa. Ilibidi mdomo ufunguke.

Ulifunguka kwa shida, kama mlango uliogandishwa na barafu. Kwanza alikohoa. Kisha akakigeuza kiti, kikaacha kuelekea dirishani, akakaa wakitazamana na Raakel uso kwa uso, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya.

"Asante," akasema. Halafu, kwa kuwa neno lile halikumuua, akaendelea. "Ile asubuhi ya kwanza nilikuwa nimekaa hapa, sioni sababu ya kuvaa viatu. Ukawasha taa. Nikavaa. Raakel, mimi niko hai kwa sababu yako, na nilipaswa kukuambia zamani."

Raakel akaokota makombo ya mkate mezani moja baada ya jingine.

"Sasa nisikilize na mimi," Raakel akasema. "Waliponikataza kahawa niliifungia mashine kabatini. Nyumba ikaacha kunukia. Nikawa nalala mpaka adhuhuri, naamka kwa ajili ya nani? Siku ile nilipokuona umekaa mbele ya mashine iliyokufa, nikasema haya, huyu hapa anaweza kunywa kwa niaba yangu. Nikaitoa yangu kabatini. Unadhani nilikuwa nakuhurumia wewe tu? Mimi nilikuwa napata harufu, na mtu wa kunifanya nichane nywele."

Oiva akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kizito, cha kifuani, na Raakel naye akacheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha meza. Kisha akakisogeza kikombe chake.

"Hii imepoa, hainukii tena. Nimiminie nyingine."

"Nusu?"

"Jaza bwana, inanukia zaidi ikiwa imejaa. Na mimi nichemshie sharubati ya zabibu nyeusi, najua Tyyne aliacha chupa kwenye stoo ya chini."

Zilikuwepo, rafu nzima, zenye mwandiko wa Tyyne. Oiva akachemsha moja. Walikaa mpaka kahawa kwenye jagi ikaanza kuwa chungu kama Taisto alivyotabiri, na Oiva akakiri moyoni kwamba kwa watu wenye maongezi marefu, chupa ingefaa zaidi.

Asubuhi ya Jumatatu akaamka, akachota, akagonga, akawasha taa. Alipoinua macho akaona taa ya upande wa pili nayo inawaka, na Raakel amesimama nyuma yake anampungia, amekasirika kidogo kwamba kahawa yake itapoa. Wakabaki hivyo, kila mmoja akimwita mwenzake. Mwishowe Oiva alizima taa yake, akavaa viatu, akalichukua jagi likiwa limejaa na kulivusha ua kwa hatua ndogondogo. Njiani pale kwenye theluji iliyobaki zilikuwepo tayari nyayo za Raakel za jana, ndogo, na aliziruka asizikanyage.